Pumzi ya Kupigia Picha

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi mlango wa chumba cha eksirei ulifunguliwa, mwanangu akaitwa. Alikuwa amekohoa wiki nzima. Mpiga picha alimsimamisha kifua kikigusa bamba, akamwambia kama tunavyowaambia watoto wote wa Ujiji: "Vuta pumzi, halafu ibane kama unapiga mbizi." Picha moja ikatosha.

"Huyu samaki," akasema mpiga picha. "Haya, aje mwingine."

Aliyefuata alikuwa binti wa miaka kama sita, na mama yake. Walivuka ziwa kutoka Burundi wakati wa vita, wakafikia kwa ndugu huko Rusimbi. Tangu mvua zianze mtoto alikuwa akikohoa na kukonda, na daktari hakutaka kumwanzishia dawa za kifua kikuu kabla hajaona picha. Filamu zilikuwa chache, kila moja ililipiwa. Mama alifungua pindo la kitenge, akatoa pesa. Kiswahili chake kilikuwa haba. Mimi ni Muha, na lugha zetu zinasikilizana, kwa hiyo niliombwa nitafsiri.

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye kupiga mbizi, mtoto alianza kutetemeka, kisha akalia. Picha ikatoka ukungu mtupu.

"Bwana, umemwambia nini?"

"Ulichosema wewe."

Mama akaniambia taratibu, "Usimtajie maji, baba. Kaka yake alibaki ziwani."

Nilimweleza mpiga picha. Alikwenda kuweka filamu nyingine, safari hii bila haraka. Mama akafungua tena pindo, kisha akamwinamia binti yake.

"Tumejificha kwenye shamba la kahawa," alimnong'oneza. "Wako barabarani. Wanapita."

Mtoto akanyamaza palepale. Akavuta pumzi, akaibana, hata bega halikutikisika. Sisi tukarudi nyuma ya mlango. Mpiga picha alibonyeza, akasema tayari, lakini mtoto hakuachia. Nilirudia mimi kwa Kiha, bado. Ikabidi mama aingie na kumwambia, "Wamepita." Hapo ndipo alipopumua.

Daktari aliiweka picha kwenye taa, akatuonyesha kivuli juu ya pafu la kulia. Dawa zilianza siku ileile, nazo zilikuwa za bure. Ile picha iliyoharibika nilitaka kuilipia mimi, mama akakataa. Ilimpotezea shilingi mia tano.