Hata Panya Hapa Hulipa Kodi

Siku moja ninayoikumbuka kila nikimwona nyati, awe wa porini au wa ukutani, ni ile niliyokatwa kodi pale Mikumi nikaapa kwamba nimedhulumiwa. Kaa vizuri, mwanangu. Habari hii inanichekesha mimi kwanza, na ukimwona mzee anacheka kabla ya msikilizaji, ujue anajicheka mwenyewe.

Nilikuwa bado kijana, au nilijiita hivyo. Wenzangu niliozaliwa nao Kilosa walikuwa wameshaota vitambi na kuitwa baba fulani, lakini mimi ujana wangu niliuvuta kama mpira wa manati mpaka ukakaribia kukatika. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Reli ilipita karibu na dirisha la darasa letu, nami nilitaka kujua treni inakwenda wapi. Baada ya hapo nikakata miwa Ruaha, nikalima vitunguu Lumuma, nikawa utingo wa lori mpaka dereva akachoka na maswali yangu akanishusha njiani. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Yangu niliila hadi magotini.

Kazi iliyonikaa mkononi ilikuwa ya kuchora ukutani. Mikumi kila gesti inataka wanyama nje, mgeni asije akasahau kwamba hifadhi iko jirani. Tembo wangu alikuwa mzuri na twiga alipita bila malalamiko. Simba ndiye aliyenishinda. Kila nilipomchora alitoka kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Basi nikapata kazi kwa Mama Tausi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kimamba, mtoto wa wakata mkonge, mwenye gesti yake kando ya barabara kuu ya Iringa. Alivaa miwani mikubwa yenye kamba nyeusi iliyozunguka shingo, na alipokutazama juu ya miwani hiyo ulijikuta unakagua vifungo vya shati lako. Tukaelewana hivi: nichore ukuta wote wa mbele kwa rangi yangu na brashi zangu, nipange mwenyewe saa zangu, naye anilipe kazi ikiisha. Malazi yangu yangekuwa stoo ya nyuma, bure. Hilo neno bure nilimwomba alirudie, akalirudia.

Kazi ikiendelea aliniuliza kama nina TIN. Nikasema ninayo, nilipewa nilipokwenda kuchukua leseni ya pikipiki. Akainakili akaenda zake. Mimi namba ile niliihesabu kuwa kitu cha leseni tu, cha kumwezesha askari kunipata. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajua kila mtu anayo yake. Ona sasa, mwanangu. Mtu niliyewahi kumfuata mfugaji wa Kisukuma kutwa nzima ili nijue anavyomtambua ng'ombe wake mmoja katikati ya kundi, nilipoulizwa namba yangu mwenyewe sikuuliza ya nini.

Siku niliyomaliza, Mama Tausi alikuwa anakimbilia Kilosa kwenye harusi ya mpwa wake. Gari limewashwa nje, dereva anapiga honi. Akanipa bahasha na karatasi moja.

"Fundi, nimekata kodi," akasema. "Karatasi hiyo ni yako, itunze. Kesho nenda kwenye ile hoteli iliyo nje ya mji ukaonane na mhasibu, nimekuombea kazi ya ukuta wao."

Akapanda gari, akaondoka.

Hapa nisimame kidogo. Lugha yetu ni tajiri, lakini mahali pengine imebana matumizi. Anachotoa mpangaji kwa mwenye nyumba tunakiita kodi. Kinachokwenda serikalini nacho tunakiita kodi. Sasa mtu aliyelala stoo siku zote hizo, akiambiwa "nimekata kodi", atafikiria ipi?

Nilifikiria ya stoo. Stoo yenyewe ilikuwa na kitanda cha miguu mitatu, mguu wa nne ni tofali. Panya walipita juu yangu kama malori yanavyopita mteremko wa Kitonga, hakuna anayempisha mwenzake. Ananitoza kwa pango lile? Nalo lilikuwa pango kweli, kwa maana zote mbili. Na neno bure lile alilolirudia?

Hasira hasara, lakini hasara huja baadaye na hasira huja sasa hivi. Nikaigeuza ile karatasi upande usio na maandishi, nikachora kwa penseli nyati mwenye miwani mikubwa na kamba nyeusi shingoni. Alitoka vizuri ajabu. Sijawahi kuchora mnyama akafanana namna ile na mtu. Nikachukua brashi, nikamrudia nyati niliyekwisha kumchora ukutani, nikamvika miwani yake. Chini yake nikaandika kwa herufi nyekundu: HATA PANYA HAPA HULIPA KODI.

Madereva wa malori waliokuwa wanakunywa chai jirani walicheka mpaka wakaja na vikombe vyao kupiga picha. Mmoja akaniambia, "Fundi, wewe huyu mama hutaki tena kuonana naye?" Nikamjibu kwamba msanii haogopi mtu. Alinitazama kwa huruma, akaniachia chapati yake.

Asubuhi nikaenda hotelini. Mhasibu alikuwa kijana mdogo, tai imemkaba. Akanisalimu shikamoo, kwa sababu ya rangi nyeupe iliyokaukia nyweleni mwangu. Nikaitikia marahaba. Heshima ikijileta, usiirudishe mlangoni.

"Mzee," akasema, "fundi wa kujitegemea hapa tunamlipa kwa utaratibu. Tunakata kodi."

"Chumba sihitaji," nikamwambia. "Nitakuwa natoka mjini kila asubuhi."

"Sikusema chumba. Nauliza, kazi uliyotoka kuifanya, ulikatwa kodi?"

"Nilikatwa. Tena bila haya."

"Vizuri."

"Vizuri? Kitanda chenyewe kilikuwa na miguu mitatu."

Akaacha kuandika. "Kitanda cha nani?"

"Cha stoo. Panya juu, panya chini, halafu mtu anakata kodi."

Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza injini inayogonga. Kisha akaniuliza taratibu kama nilipewa cheti. Nikamwambia nilipewa karatasi, nikaitoa mfukoni. Akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, Mungu alivyo, akaigeuza.

"Huyu nyati namfahamu," akasema. "Huyu si Mama Tausi?"

Nikasema ni nyati wa kawaida.

Alifungua tai kidogo, akanieleza. Kibarua, akasema, huambiwa aingie saa ngapi na atoke saa ngapi, na hushika jembe la tajiri. Fundi kama mimi huja na brashi zake na akili zake, hupatana juu ya kazi, huimaliza, huondoka. Biashara ikimlipa mtu wa namna hiyo, kuna malipo ambayo sheria inaitaka ikate sehemu ndogo. Kinachokatwa mlipaji hakiweki mfukoni. Anakipeleka ofisi ya kodi na kutoa taarifa kwamba amemlipa nani, mwenye TIN gani, yaani namba gani ya mlipakodi, kwa kazi ipi. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Mlipwaji anapewa cheti, na siku ya kufanya hesabu zake na serikali, kile kilichozuiwa kinahesabiwa kwamba ameshakilipa.

"Kwa hiyo stoo..." nikasema.

"Stoo haimo humu, mzee. Mama Tausi amepeleka kwa jina lako. Wengi hawajisumbui hivyo. Wanakata wanatia kibindoni, fundi akija kuulizwa hana cha kuonyesha."

Nikaichukua karatasi yangu, nikaikunja, nyati akabaki ndani. Kijana akaendelea, bila kujua ananichoma, kwamba bosi wao hakutaka fundi asiyejulikana. Mama Tausi alikuwa anarudi kutoka Kilosa siku hiyohiyo, na bosi angempigia simu. Akisema ndiyo, naanza kesho. Akisema hapana, yuko mchoraji mwingine Morogoro, tena anajua simba.

Sikuaga vizuri. Nilichukua bodaboda, nikanunua kopo la rangi nyeupe, nikalikumbatia njia nzima. Yule kijana wa bodaboda aliniuliza mzee kuna msiba. Nikamwambia bado.

Nilipofika, Mama Tausi alikuwa ameshafika. Amesimama mbele ya ukuta, mikono ina hina ya harusi, kitenge kipya, miwani usoni. Nyati naye miwani usoni. Wametazamana. Kando yake alikuwa mgeni mmoja mwenye mkoba, ambaye baadaye nilijua ni ofisa wa kodi aliyekuwa safarini kwenda Iringa, akateremka kunywa chai. Alikuwa anapiga picha huku anafuta machozi ya kicheko.

"Mama, hii ni elimu safi," alikuwa anasema. "Sisi tunabandika mabango marefu hakuna anayesoma. Hapa mstari mmoja tu. Hata panya hulipa! Nani ataona uvivu sasa? Nani aliyefikiria hivi?"

Mama Tausi akageuka, akaniona na kopo langu. "Fundi huyo hapo," akasema. "Mwulize mwenyewe alikuwa na maana gani."

Nikalificha kopo mgongoni. Nikasema nilimaanisha, mheshimiwa, kila mtu kwa nafasi yake. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akapanda basi lake na kuondoka anacheka. Nilitamani angebaki kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu mnyama macho yana tatizo gani?"

"Jua, mama. Porini jua ni kali."

"Na kamba?"

"Isianguke akikimbia."

Akanitazama juu ya miwani. Nikashindwa kuendelea, nikamwaga yote: stoo, neno bure, panya, hasira yangu, karatasi yake niliyoichora mgongoni. Nilimwomba anisamehe, nikamwambia nitampaka nyati rangi nyeupe sasa hivi, hata ukuta mzima.

"Weka kopo chini," akasema. "Wewe umekaa hapa ukaniuliza kwa nini maji ya kisima yana chumvi. Ukauliza lori la Zambia lina matairi mangapi. Ukaniuliza hata kwa nini nimeachika. Nikakujibu yote. Hili moja lililohusu jasho lako lilikushinda kuuliza?"

"Nilidhani najua, mama."

"Hapo ndipo watu huharibikiwa. Asiyejua huuliza. Anayedhani anajua ndiye huchukua brashi."

Simu yake ikaita. Niliijua ni ya nani kabla hajaitazama. Ilimchukua muda kuitazama, mwanangu, na mimi nikaiona kazi ile inakwenda Morogoro kwa mtu anayejua simba. Akaiweka sikioni. Akasema ndiyo, ndiyo, namfahamu. Akamtazama nyati. Kisha akasema, "Mikono yake ni safi na kazi yake anaimaliza. Ana kasoro moja. Msipomweleza neno likaeleweka, atawachora."

Akakata simu. "Kesho unaanza," akaniambia.

Nilianza kushukuru, akaninyooshea kidole chenye hina.

"Leo utalala stoo. Na leo utalipa kodi."

"Ipi, mama?"

"Ehee," akasema, na ndipo nikamwona anacheka kwa mara ya kwanza. "Sasa umeuliza."

Kodi yenyewe ilikuwa kumrekebisha simba wa ukuta wake. Nilimrekebisha, akawa kama mtu aliyeamshwa vibaya lakini amekwisha kunywa chai. Nyati, Mama Tausi alikataa nimguse. Mpaka leo ukimwambia dereva wa lori akushushe kwa Mama Tausi atakuuliza Mama Tausi gani, lakini ukisema kwa Nyati wa Miwani, anakanyaga breki.

Basi mwanangu, wewe unayepaka, unayechomelea, unayepiga picha za harusi au kutengeneza kompyuta za watu, nasaha yangu ni hii. Kuuliza si ujinga. Kabla hujashika kazi mwulize anayekulipa: utakata nini, kinakwenda wapi, na cheti nitakipata lini? Akiona aibu kukujibu, ujue hapo pana panya wa aina nyingine. TIN yako si ya leseni tu, ijue kama unavyojua jina la mama yako. Cheti ukipewa kitunze mahali pakavu, na ukitaka kuchora nunua daftari. Sheria nazo hubadilika kama majira ya mvua, kwa hiyo usitegemee maneno ya mzee kama mimi. Kila mwaka nenda ofisi ya kodi ukaulize upya.

Na siku ukiwa wewe ndiye unayelipa, maana dunia huzunguka, ulichomkatia fundi kifikishe, kwa jina lake na kwa wakati. Na usimrushie neno ukiwa mguu mmoja uko garini. Hilo Mama Tausi mwenyewe alilikiri, ingawa ilimchukua miaka.

Mungu akubariki kwa kazi za halali na watu wa kweli. Kikatwacho kwako kifike kinakokwenda, kibakicho kikutoshe wewe na walio nyumbani, na ulimi wako wa kuuliza utangulie daima mkono wako wa kuchora. Amina, mwanangu. Na simba wako awe mzuri kuliko wangu.