Nilivyompisha Mama Mkwe kwa Lori

Enzi za Mwingereza, kampuni moja ya Temeke ilinichukua kunifundisha kuendesha malori ya kwenda bara. Siku yangu ya pili kwenye usukani, nikamwona mama mkwe anakuja mbele yetu kwa miguu. Mkwe hupishwa, tena hatazamwi usoni. Basi mie, kwa adabu zangu zote, nikajiinamia chini ya usukani huku lori linakwenda.

Mzee aliyekuwa akinifundisha akaudaka usukani. "Umedondosha nini?"

"Mkwe wangu yule, mzee!"

"Sasa si umpishe kwa breki!"

Jioni mke wangu akanipokea kwa habari. "Mama kaliona lori lenu leo, halina dereva. Anasema limekwenda vizuri kuliko jana ulipokuwemo."