Nilivyonyamazia Salamu Chini ya Daraja la Reli

Kosa langu ni kunyamazia salamu, mimi ninayewakemea vijana kwa kosa hilohilo. Niliahidi kuipa kalenda ya usharika wetu picha ya treni ikivuka daraja la mto Themi, na kalenda ilikuwa inachapishwa kesho yake. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi, kamera jichoni, nikazuia pumzi ili mkono usitikisike. Honi ikalia.

“Shikamoo, mzee,” akasema mwanamke nyuma yangu.

Sikujibu.

“Shikamoo!”

Nikajikaza zaidi.

“Jamani, njooni! Mzee wa watu hapumui!”

Kabla sijageuka, wachimba mchanga wawili waliokuwa mtoni walikwisha kunibeba mzobemzobe, na mama yule akanimwagia dumu zima la maji usoni. Treni ikapita darajani kwa madaha. Kamera yangu ikapiga picha ya gambuti la mmoja wa wabebaji.

“Marahaba,” nikasema hatimaye.

Mama akashika kiuno. “Kumbe ulinisikia?”

“Nilikusikia.”

“Na mtu mzima hivyo ukashindwa kuitikia?”

Wabebaji wakaniachia palepale, nikatua matopeni. Hakuna aliyeninyooshea mkono ila yuleyule niliyemnyima salamu, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Mama Nashipai.