Chupa ya Watoto Kumi

Nilipokuwa nesi wa zahanati ya kijiji kimoja karibu na Kwihara, sifa yangu ilikuwa moja: situpi chanjo. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, chupa moja ya watoto kumi, na ukishaichanganya na maji yake haivuki jioni. Kinachobaki humwagwa. Wenzangu walimwaga, mimi nilisubiri watoto watimie, na vikaoni nikasifiwa mbele za watu. Nilivimba kichwa, nakiri.

Asubuhi moja walikuja watoto wanne tu. Mmoja alibebwa na bibi yake, mtoto wa kike wa miezi tisa, mnene, anayemchekea kila mtu. Mama yake alikuwa ametangulia Usinge kwenye mashamba ya tumbaku.

"Shikamoo bibi. Mrudishe Alhamisi, leo watoto hawajatimia."

"Marahaba. Alhamisi tutakuwa Usinge, mwanangu. Tunaondoka kesho."

"Basi atachanjwa huko huko."

Hakubishana. Wazee wa kwetu hawabishani na gauni jeupe. Alikaza mbeleko, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Mimi nikairudisha chupa kwenye friji, nimeridhika kabisa.

Baada ya mavuno alirudi na mjukuu mwingine, mtoto wa mwanawe wa kiume. Nikamuulizia yule mcheshi.

"Surua ilimmaliza," akasema.

Kambi yao ya mashambani huko Usinge ilikuwa mbali na zahanati. Walipomfikisha, pumzi ilikuwa ya kuhesabu. Alinieleza taratibu, bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Laiti angenitukana.

Mwongozo ulikuwa umebandikwa ukutani, nyuma ya kiti changu. Ulisema chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Niliusoma mpaka pale palipotutaka tusipoteze chanjo, nikaishia hapo, maana hapo ndipo palinipendeza. Nimejichukia kwa hilo na bado najichukia.

Siku hiyo hapakuwa na mtoto mwingine. Nilichanganya dawa, nikamdunga mjukuu. Bibi alimbembeleza mpaka akanyamaza, huku akiitazama chupa iliyopungua kidogo tu.

"Kumbe hufunguliwa hata kwa mmoja?"

"Hufunguliwa, bibi."

"Na siku ile?"

"Hata siku ile."