Baba Mkwe Chini ya Kitanda

Barua ya mwaliko ilikuwa na maneno makubwa. Ilitaka kazi ya sanaa inayochunguza majeraha ya ukoloni, utambulisho na uponyaji, nami niliisoma kwenye simu nikiwa juu ya ngazi mjini Migori, brashi mdomoni, nikimalizia bango la kinyozi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nachora vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri, kuku wa kukaanga, na watoto wa nasari walioshika vitabu. Watu wakiniita msanii huwa nageuka kuangalia ni nani anayeitwa. Lakini siku ile nilijiona msanii kweli. Kichwa kikavimba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Maonyesho yangefunguliwa Homa Bay siku ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja karibu na ziwa. Nilijua papo hapo nitapeleka nini.

Nyumbani kwetu, upande wa Magunga, kuna kipande cha ardhi ambacho hakijawahi kulimwa. Si kikubwa, kinatosha mtu mmoja kulala. Mahindi yanafika pale na kukoma kama yamekatazwa, na nyasi zinakua zitakavyo. Nilipokuwa mtoto nilidhani kuna nyoka. Siku moja nikacheza pale pale katikati na wenzangu, na babu, ambaye hakuwahi kumpiga mtu, akanizaba kofi moja, kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka chakula cha jioni. Dani, yaani bibi yangu, ndiye aliyenieleza baadaye. Hapo ndipo baba yake babu angelala, kama angerudi.

Hakurudi. Watu wa chifu walikuja kuchukua wanaume wa kupeleka kwenye vita vya Mwingereza, naye akaenda mpaka Burma. Ikaja barua moja iliyoandikwa na mkono wa mtu mwingine, ikauliza habari za ng'ombe. Baada ya hapo kimya. Babu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa yago mahali pake. Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake, ambalo watu wa pwani huliita tunda la mvungunya. Linafungwa sanda, linaliliwa, linachimbiwa kaburi, na aliyepotea anahesabiwa kuwa amefika nyumbani. Lakini mama yake babu alikataa. Alisema hajaletewa habari ya kifo, na hawezi kumzika mume anayeuliza habari za ng'ombe. Alingoja mpaka akazikwa yeye. Babu naye alikuwa amebatizwa, na misheni ilimfundisha kwamba mambo ya yago ni ya gizani. Akatii mpaka kufa kwake. Aliimba tenzi kila Sabato kwa sauti iliyofika barabarani, na hakumzika baba yake, wala hakulima pale. Sikujua niwakasirikie waliomchukua baba mtu au waliomfundisha mwana kuona haya kumlilia. Niliwakasirikia wote, ikawa rahisi zaidi.

Basi nikaenda Magunga Jumatatu, nikachuma yago kwenye mti ulio kando ya njia ya kwenda mbuga ya Ruma. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, nikalibeba kifuani. Nikakaa kwenye cherehani ya Dani nikalishonea shati la kaki lenye mifuko miwili na vifungo vya shaba, kola na yote. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Jumanne Dani alipoenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nilisimama langoni na tunda mikononi, nikaiwasha simu inirekodi, nikaingia nalo polepole mpaka mlangoni nikiliita jina la baba yake babu. Mara tatu. Nilitaka sauti hiyo isikike ukumbini watu watakapokuwa wanaliangalia. Kisha nikakumbuka mbuzi wa Dani, ambao hula hata sabuni, nikaona niliweke mahali salama. Nikalisukuma chini ya kitanda chake.

Dani aliporudi nilikuwa nje nikichemsha chai. Aliingia chumbani kutafuta ndara zake. Halafu nikamwona anatoka kinyumenyume, miguu mitupu, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi, macho chini.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nani yule?"

Nikacheka. Nikamweleza habari za maonyesho, za Homa Bay, za uponyaji. Nikamwambia ni nani, kwa fahari, kama mtu aliyeleta zawadi. Dani alikaa chini kwenye udongo.

"Umemlaza baba mkwe wangu chini ya kitanda changu?"

Hapo tu ndipo nilipoelewa. Mwanamke wa Kijaluo hampi baba mkwe mkono. Hamwangalii usoni, hali naye, na mzee huyo hawezi kukanyaga chumba anacholala mke wa mwanawe, hata mvua inyeshe mawe. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu, kichwani mwangu, kile kilichokuwa chini ya kitanda kilikuwa kazi ya sanaa.

"Dani, lile ni tunda tu," nikasema.

"Kama ni tunda, kwa nini umelivalisha shati?"

Nikaigeukia sufuria ya chai.

"Na mbona majirani wameniambia njiani kwamba kuna mtu alikuwa anaitwa langoni kwangu? Tunda linaitwa jina la mtu?"

Nilikasirika. Mimi nikishindwa kujibu hukasirika, ni tabia mbaya na sijaiacha. Nilimwambia kwamba nimefanya kazi siku mbili, kwamba gari la maonyesho linakuja Alhamisi kuchukua, kwamba yeye ni Msabato na hayo mambo babu mwenyewe aliyakataa. Dani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameolewa katika boma hili zaidi ya miaka sitini, na siku zote amepita kando ya zile nyasi akijua kwamba mwenyewe hajafika. Watoto wa siku hizi wanajenga popote. Yeye akifa, hakuna atakayejua tena ni nani aliyeachiwa nafasi ile, na watapanda mahindi. Sasa mzee amepitishwa langoni, ameitwa kwa jina lake, amevaa. Kumtoa tena bila kumzika ni kumfukuza.

"Hilo ndilo ninaloogopa," akasema. "Siogopi tunda."

Akahamia jikoni siku hiyo hiyo, na godoro lake, na Biblia, na kuku wawili waliokuwa wakiatamia. Mle chumbani hakuingia tena. Alipotaka kitu alinituma mimi, akisimama mbali, na kunikumbusha nibishe hodi kwanza. Nilikuwa nimenuna, lakini nilibisha.

Jumatano baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuja akasimamisha mabati manne na nyasi mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake babu, kwa sababu mtu huagwa kwenye nyumba ya mkewe. Tukamhamishia hapo. Mzee wa kanisa naye akafika, amevaa tai, mtu mzuri ambaye amezika nusu ya kijiji.

"Mama, kanisa haliziki matunda," akasema.

"Sijakuita uje kuzika, jaduong', mzee wangu. Nimekuita uje ule," Dani akamwambia. "Kama utataka kuomba kabla ya kula, si uombe? Wewe huomba hata kabla ya kunywa uji."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akasema atakuja. Akaongeza kwa haraka kwamba iwe Ijumaa, jua likiwa bado juu, ili Sabato isije ikatukuta na majembe mkononi.

Nikabaki mimi. Nilimpigia msimamizi wa maonyesho, dada mmoja wa Nairobi mwenye moyo mzuri na haraka nyingi.

"Hebu ngoja," akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya katikati ya ukumbi. Poster ishaprintiwa. Unaniambia itazikwa?"

"Bibi yangu anataka azikwe."

"Azikwe nani?"

Nikasikia nilivyolisema neno hilo.

"Sikia, msanii. Mpeleke Homa Bay kwanza, halafu mzike wiki ijayo. Si ni sawa? Hata ni powerful zaidi."

Ilikuwa hoja nzuri. Niliipenda sana. Alhamisi asubuhi pikapu ikasimama langoni, na dereva akashuka na blanketi la kufungia mizigo.

"Madam, mzigo uko wapi?"

Nilimgeukia Dani. Alikuwa kwenye mlango wa jikoni, anachambua dagaa wa omena kwenye ungo. Nilitaka anikataze. Angenikataza, ningegombana naye, na ningeondoka na tunda langu nikiwa na hasira ya kunitosha mpaka Homa Bay. Hakunikataza.

"Ni wako, umemshonea wewe," akasema bila kuinua macho. "Mimi nitakapomkuta mume wangu nitamwambia baba yake alifika. Nitamwambia alipita tu."

Nilienda nikasimama ndani ya kile kibanda cha mabati. Yago lilikuwa limelala kwenye mkeka, vifungo vya shaba vikimetameta kidogo. Kuna mtu, nadhani baba mdogo, alikuwa ameweka kigoda kando yake, cha mtu wa kuja kukaa na msiba. Nikakaa. Nilimkumbuka babu na lile kofi, na jinsi alivyobaki ndani siku ile peke yake. Nililia kwa sauti, sitaki kuficha. Dereva alisikia akazima redio ya gari.

Sikuweza kumrudisha dereva mikono mitupu. Nikaingia chumbani kwa Dani, bila hodi safari hii maana mgeni alikuwa ameshahama, nikaokota chini ya cherehani kile kitambaa cha kaki kilichobaki baada ya kukata shati. Kilikuwa kipana, na katikati yake kulikuwa na matundu: la mgongo, mawili ya kifua, ya mikono, la kola. Nikakikunja, nikampa.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu."

Kikatundikwa katikati ya ukumbi, kwenye waya, na upepo wa ziwa ukawa unakitikisa. Jumamosi watu walisimama mbele yake muda mrefu. Mama mmoja mzee alipitisha mkono wake kwenye tundu la kola, akautoa, akaupitisha tena, na msimamizi alipotaka kumzuia nikamwambia amwache. Wengi walinisifu. Walisema ni wazo la ajabu, na walipouliza nimelifikiria kwa muda gani, nilijibu tangu utotoni. Kidogo nilikereka kwamba makombo ya cherehani yamenishinda mimi mwenyewe kwa usanii.

Lakini yaliyotokea Ijumaa sikuyapeleka Homa Bay. Hata picha sikupiga.

Baba mdogo alichimba pale kwenye nyasi, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini kwa kupumzika miaka yote hiyo. Mzee wa kanisa aliomba sala ndefu ambayo haikutaja tunda hata mara moja, alimtaja tu "ndugu yetu huyu aliyekawia." Tukamshusha na shati lake. Watu walitupa udongo, wakaanza kwenda kunawa mikono, maana wali na kuku vilikuwa tayari na jua halingoji mtu.

Dani alibaki nyuma, nami nikabaki naye. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Akavivua. Akajifunika leso vizuri, akasogea mpaka hatua chache kutoka kaburini, akasimama kwa upande, amegeuza uso, kama inavyompasa mkaza mwana mbele ya baba mkwe. Upande wetu wa kulia lilikuwa kaburi la babu, lile la saruji tulilolipaka chokaa sisi wajukuu.

"Baba," akasema, "mimi ndiye niliyeolewa hapa. Ulikuwa hujafika, kwa hiyo hukuniona. Usinikasirikie kwa kitanda, ni mtoto alikosea."

Akangoja, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kaburi la babu, macho bado chini.

"Huyu hapa kando ni kijana wako. Ulimwacha mgongoni. Msalimie."