Choo Chetu cha Dandora

Jana nilitaja choo chetu mbele ya darasa zima.

Nabandika haya kwenye ubao wa klabu yetu ya shule kwa sababu kuyasema kwa mdomo siwezi. Mnanijua.

Mwalimu alitusomea barua ya msichana wa Uingereza. Baba yake huendesha basi, na nyumba yao iligharimu mshahara wake wa miaka minne.

"Na wewe Nekesa, baba yako si dereva pia?" mwalimu akaniuliza.



Nikasema ukweli. Mshahara wa baba haununui nyumba hata aendeshe lori mpaka azeeke. Tulipata kiwanja cha baraza la jiji huko Dandora kwa kura ya bahati, kikiwa na choo na bafu tu. Tumejijengea chumba kimoja. Cha pili ukuta haujafika dirishani.

Darasa likacheka. Nilitamani kuingia chini ya dawati.

Ndipo Wanza, ambaye kwao wamepanga chumba kwenye ploti ya watu wengi, akageuka.

"Ngoja kwanza. Hicho choo mnatumia na nani?"

"Sisi tu."

"Sisi tu! Jameni, kumbe huyu ni lendilodi, ana nyumba yake!"

Jioni akanifuata nyumbani, akaomba kuoga. Alikaa bafuni hadi mama akaniuliza, "Huyo mgeni wako amelala huko?"

Wanza akatoka akitabasamu.

"Hakuna mtu amenigongea mlango nitoke," akasema.

Sasa nataka kumshukuru baba na sijui pa kuanzia. Aliyewahi kumwambia babake asante, aniandikie hapa chini alianzaje.