Mabuti chini ya Meza ya Mama Kapinga

Chini ya meza ya Mama Kapinga, katika ofisi ya mipango ya mji pale Lubumbashi, mabuti ya mpira hukaa mwaka mzima. Wenzake humtania kwamba anangoja gharika. Yeye hucheka nao, na mabuti hayaondoi. Kazi yake ni kukagua ramani za watu wanaotaka kukata shamba kuwa viwanja vya nyumba: barabara ina upana unaotakiwa? Shule imeachiwa nafasi? Nyumba ziko mbali na maji kama sheria inavyotaka? Kwa miaka kumi na tisa hajaidhinisha ramani ya bondeni kabla ya kuikanyaga ardhi yenyewe kwenye mvua. Wapimaji, Mungu awasamehe, wote hupima mwezi wa saba, kiangazi, ardhi ikiwa imejiweka safi kama mchumba anayekwenda kujitambulisha ukweni.

Mwaka jana ililetwa ramani ya Anaclet, mpimaji mpole mwenye mwandiko mzuri: viwanja sitini na viwili, nje kidogo ya Ruashi. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Kijito kilikuwa chembamba kama uzi, na mstari wa mwisho wa viwanja ulikaa mbali nacho kwa kipimo cha sheria.

"Mama Kapinga, musinye tu," Anaclet alimwomba atie sahihi. "Dossier iko propre, haina makosa."

"Iko propre, bwana Anaclet. Tutangoya mvula."

Kilichomnyima raha hakikuwa Anaclet. Kiwanja kimoja cha mstari ule wa mwisho mwenye shamba alikuwa amemwahidi Ntumba, mdogo wake Kapinga, mjane wa watoto wanne aliyechoka kuhamahama nyumba za kupanga za Kampemba. Ntumba alikwisha kufyatua matofali na kufunga kamba kuonyesha vyumba. Aliposikia ramani imeangukia kwa dada yake, alikuja mbio, uso unang'aa, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, Mungu iko! Dossier iko kwako!"

Kapinga alimkaribisha chai, akazungumzia mambo mengine.

Januari mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Kapinga alivaa mabuti yake, akamchukua Anaclet, wakaenda. Ule uzi wa kwenye karatasi ulikuwa umemeza mstari wote wa mwisho, viwanja saba. Matofali ya Ntumba, yaliyokuwa hayajachomwa, yalikuwa yamerudi kuwa udongo.

"Mama, mwezi ya saba hapa ilikuwa mukavu," Anaclet alisema, na aibu yake ilikuwa ya kweli.

"Najua."

Kesho yake Kapinga alipiga mstari mwekundu juu ya viwanja vyote saba. Alipofika kile cha Ntumba alilia, kisha akaendelea.

Ntumba, alipoambiwa, hakulia. "Bantu bote banajenga mu mayi, yaya. Ni miye tu ndiyo unanikatalia?" Tangu siku hiyo hata kanisani alikaa upande mwingine. Kapinga aliumia, tena sana, na mara mbili alifungua faili lile akilitazama tu.

Jumapili moja ya Februari, mvua ikipiga mchana kutwa, mlango ulibishwa. Alikuwa Ntumba, viatu mkononi, tope mpaka magotini.

"Nilienda kuona," alisema. "Kamba ingali pale. Mayi iko juu ya kamba." Akaweka viatu kizingitini. "Pale nilipima kitanda ya batoto."

Kapinga alimvuta ndani, akamletea beseni la maji ya moto. Ntumba aliosha miguu taratibu bila kuinua macho.

"Na bale sita bengine benye viwanja, bamekwenda kuona?" Ntumba aliuliza.

"Hapana. Mwenye shamba anabaambia ni wivu ya bureau, ya siye ba ofisini. Miye habataki kunisikia."

Ntumba alijifuta miguu, mmoja, kisha wa pili.

"Kesho unipe ile mabuti yako, yaya, niende kwabo. Miye batanisikia."